Kisanduku Hakijui Mteremko

Siku walipokuja kufunga visanduku kwenye malori yetu, dada yangu alikuwa ameinama kando ya tela lake akigonga magurudumu kwa rungu fupi la mbao, kama anavyofanya kila asubuhi. Anagonga moja, anasikiliza, anagonga jingine. Mimi ni fundi breki katika yadi hiyohiyo, na nimeshamwambia mara nyingi kwamba kipimo cha upepo kipo kwenye droo, akitumie. Jibu lake huwa lilelile: "Kipimo kinasoma gurudumu moja, mdogo wangu. Mimi nasikiliza yanavyosengenyana."

Yadini hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wetu. Ni Bi Kioo. Kabla hajarudisha lori nyuma, lazima ashuke, afute vioo vyote vya pembeni kwa kitambaa, apande tena, ndipo aguse gia. Walianza kumwita hivyo kwa kejeli, enzi alipokuwa mwanamke pekee mwenye ufunguo wa lori. Kejeli ikachakaa, jina likabaki. Vijana waliokuja baadaye wanamwita Shangazi, na wengine hudhani ndilo jina lake hasa.

Mafundi wa visanduku walikuwa wawili, mashati yamepigwa pasi, viatu havijawahi kuonja grisi. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, kinakaa juu ya usukani, kina skrini na tundu la kuingizia kadi ya dereva. Ukishaweka kadi yako, kinaanza kuhesabu: magurudumu yamezunguka kwa muda gani, kwa mwendo gani, umesimama wapi, umepumzika saa ngapi. Sheria ilikuwa imetoka kwamba kila lori zito liwe nacho. Saa tisa za kuendesha kwa siku, saa kumi na mbili za kazi yote kwa jumla, basi. Ukizidisha, kinapiga kelele na taarifa inafika ofisini kabla hujazima injini.

Madereva walikipa jina kabla hata hakijafungwa. Wakakiita Mama Mkwe.

"Maana ukikaa naye chumba kimoja, hata kupiga miayo unaomba ruhusa," alisema Tandu. Huyu alikuwa dereva mwenye safari nyingi kuliko wote, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na walimwita Tandu kwa kuwa walisema miguu miwili haiwezi kutembea kote huko. "Mimi nilipe kodi ya nyumba kwa usingizi? Nalipwa kwa safari!"

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema anafanywa mwizi kabla hajaiba. Mwingine, baba wa mapacha, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana neno, kwani mara ya mwisho kula chakula cha jioni na wanawe hata meno walikuwa hawajaota. Wakamzomea kidogo, kwa mapenzi.

Dada yangu alijifuta mikono, akamsogelea fundi mmoja. "Mwanangu, nikuulize. Kinaandika na nikiwa nimesimama?"

"Kinaandika kila kitu, mama. Mahali, saa uliyofika, saa uliyoondoka."

"Hata getini kwenye ghala la watu?"

"Hata chooni," alisema yule kijana, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Bi Kioo hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei akaona inamfaa. "Basi nifungie langu kwanza," akasema.

Tandu alimtazama kama aliyesalitiwa. Sikumshangaa Tandu, maana hakujua nilichokuwa najua mimi.

Kabla ya visanduku tulikuwa na daftari la safari, la karatasi. Dereva alitakiwa aandike saa zake kila anaposimama. Nani alifanya hivyo? Daftari la wiki nzima liliandikwa siku moja, kwa kalamu moja, juu ya boneti, dakika kumi kabla ya kulikabidhi. Saa za kulala zilikuwa nzuri kama za mtoto mchanga. Na dada yangu naye aliandika uongo huo. Alitia sahihi, meneja akatia sahihi, mkaguzi akagonga muhuri, kila mtu akaenda zake. Mpaka mwaka mmoja, mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka kama rula, aliposhtushwa na kokoto zikigonga chini ya kabini. Alikuwa amesinzia macho wazi. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshatoka nje ya lami, na hatua chache mbele palikuwa na kibanda cha mtu anayeuza viazi. Alirudisha usukani taratibu, akasimama mbali kidogo, akarudi kwa miguu, akanunua viazi ambavyo hakuvihitaji. Muuzaji hakujua kitu. Alinisimulia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mama.

Ndiyo maana sikushangaa alipotaka kufungiwa kwanza. Mama yetu, anayeishi naye, alipoelezwa habari za kisanduku alisema tu, "Kumbe kipo kitu kinachojua mwanangu amelala saa ngapi! Mimi nilimlea miaka yote ile sikuwahi kujua."

Niseme pia alivyofika kwenye usukani, maana hakuzaliwa huko. Alianza kama karani wa mizani hapohapo yadini, akiandika uzito wa mizigo dirishani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameachika, hana mtoto, na alichoka kuandika safari za wengine. Alimwendea dereva mmoja mzee, tuliyemwita Babu Gia, akamwambia, "Nifundishe." Mzee alidhani ni mzaha. Aliporudi mara ya nne, mzee akamwambia avae viatu imara.

Kuna mteremko kwenye njia yetu, kilomita sita, barabara inajikunja kama utumbo. Babu Gia alimshusha pale kileleni, akampa ndoo mbili zilizojaa maji, akamwambia ateremke kwa miguu mpaka chini bila kumwaga. Yeye akamfuata na lori nyuma, gia ya chini kabisa, dirisha wazi. Kila dada yangu alipoanza kukimbizwa na mteremko, mzee alipiga honi. Alipofika chini alizitua ndoo.

"Umejifunza nini?" mzee akamuuliza.

"Kwamba ukishaanza kwenda mbio, kusimama ni kazi."

"Basi. Lori ni wewe na ndoo zako. Usishuke kwa gia ambayo huwezi kupandia. Mwendo upunguze huku juu, ukiwa bado na akili. Huko katikati utakuwa na hofu tu."

Miezi minane alimweka kiti cha pembeni kabla ya kumwachia safari ya peke yake. Nilimsikia akilalamika kila Jumapili. Leo wale wanaokuja yadini wamepata leseni kwa wiki tatu, kwa kuzunguka uwanja na gari lisilo na mzigo.

Turudi kwenye kisanduku. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa vita. Kilipiga kelele, madereva wakakipigia kelele. Tandu alikibandika plasta ya kidonda kwenye skrini. Siku moja Bi Kioo alifika kwenye ghala moja kubwa saa mbili asubuhi kupakia mabati. Alikuwa ameanza kazi yadini saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi akamwambia asubiri. Ikafika saa nne. Akaenda dirishani, karani wa ghala, bila kuinua macho, akasema mashine ya kupakia iko upande wa pili. Saa sita. Saa saba. Walianza kumpakia saa saba na nusu, wakamaliza saa tisa.

Hesabu yake unaiona. Saa kumi na mbili za kazi ziliisha saa kumi na moja jioni, na yadi ilikuwa bado mwendo wa dakika arobaini. Alipoona hatafika, alitafuta mahali pa heshima, kituo cha mafuta chenye uwanja mpana, akaegesha saa kumi na moja kasoro dakika nane. Kisha akampigia meneja wa usafirishaji.

Meneja si mtu mbaya. Ni mtu mwenye simu tatu, na zote huita kwa pamoja. "Dakika arobaini tu, dada," alisema. "Hapo ni mlangoni. Mteja anangoja mabati yake kesho asubuhi na mapema."

"Nimeona. Ila saa zangu zimeisha."

"Sukuma tu, mimi nitaeleza."

"Utaeleza kwa nani? Kikipiga kelele kinapiga jina langu, si lako. Na nimechoka, bwana meneja. Nimechoka kwa kukaa, lakini uchovu ni uchovu."

"Unakataa agizo?"

"Nakataa kuendesha," akasema. Akanunua mswaki dukani, akalala kabini.

Asubuhi alipofikisha mzigo, barua ilikuwa inamsubiri: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Tandu alimpiga bega. "Si ulitaka ufungiwe kwanza? Mama Mkwe ameanza kwa kukuchongea wewe."

"Amenichongea?" dada yangu akasema. "Subiri uone anavyowachongea wengine."

Lakini kabla ya siku saba kwisha likatokea jambo jingine, na hili nililishuhudia mwisho wake kwa macho yangu.

Kulikuwa na dereva mgeni tuliyemwita Bwana Harusi, kwa kuwa alianza kazi wiki ileile aliyooa, pete ikiwa bado inamwasha kidoleni. Kijana mtiifu, mpole, anayesalimia hata paka wa getini. Siku ya tano ya ile barua, yeye na dada yangu walitumwa njia moja, wote na saruji, yeye akatangulia. Walipofika kwenye ule mteremko, Bi Kioo alikuwa nyuma yake kama kilomita moja. Alishusha gia kileleni, kama alivyozoea, akaanza kutambaa. Kwenye kona ya pili akasikia harufu. Kila dereva anaijua: harufu ya breki inayoungua, kali, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kona ya tatu akaona moshi, mweupe, ukitoka kwenye magurudumu ya tela la Bwana Harusi.

Akashika redio ya mawasiliano. "Bwana Harusi, unanisikia? Ni mimi nyuma yako."

"Nakusikia, Shangazi." Sauti ya kijana ilikuwa juu. "Breki hazishiki kama mwanzo. Nakanyaga, zinashika kidogo tu."

"Uko gia gani?"

"Ya nane."

Dada yangu alijua kwamba ya nane ni gia ya tambarare; mteremkoni injini haisaidii breki kuzuia mzigo. "Sawa. Sikiliza, usifanye kingine ila ninachokwambia. Usijaribu kubadili gia sasa, itakutoka. Mbele yako baada ya kona hii kuna tambarare, kwenye geti la machimbo ya mawe. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Hapo ndipo unaposimama. Usijidanganye kwamba utafika chini. Kanyaga sasa hivi, kwa nguvu zote, moja kwa moja. Usiachie ukakanyaga tena. Mguu mmoja, mpaka lisimame."

"Lisiposimama?"

"Litasimama. Bado lina breki ya mara moja. Itumie hapo."

Dada anasema alihesabu kwa sauti ndani ya kabini yake. Alifika kumi na saba ndipo kijana akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka majini, "Limesimama."

"Vizuri sana. Usivute breki ya mkono, dramu za breki zina moto, zitapasuka. Zima injini ikiwa kwenye gia ya kwanza. Mguu usitoke. Nakuja na kabari."

Akaegesha lake nyuma, mbali, akashuka na kabari za mbao za kuzuia magurudumu, akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye goti bovu, akakimbia. Alipachika kabari nne, akafungua mlango wa kabini. Kijana alikuwa bado amekaza mguu juu ya breki. "Sasa toa," akamwambia, na ikabidi amsaidie kuutoa kwa mikono.

Walikaa kando ya barabara juu ya jiwe. Alimpa maji. Baada ya muda akamuuliza, si kwa ukali, "Nani alikwambia ushuke hapa kwa gia ya nane?"

"Hakuna aliyeniambia, Shangazi. Hakuna aliyeniambia ya nane, wala hakuna aliyeniambia nyingine."

Nilifika na gari la mafundi kama saa moja baadaye. Dramu za tela, zile bakuli za chuma zinazobanwa na breki ndani ya gurudumu, zilikuwa zimegeuka rangi, buluu kama mafuta juu ya maji, na mbili zilikuwa zimepasuka nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Bwana Harusi alikuwa ananifuata nyuma kama mtu anayesubiri hukumu. Nikapanda kabini kutazama kisanduku, maana ofisi ilikuwa imeshanipigia kuuliza dereva amefanya kosa gani. Nikasoma. Saa za kuendesha: tatu na dakika kumi. Mapumziko: kamili. Mwendo kwenye mteremko: kilomita arobaini kwa saa, na kibao cha barabarani kinaruhusu hamsini.

"Kinasemaje?" dada yangu akaniuliza kutoka chini.

"Kinasema hana kosa hata moja."

Aliinama akatazama zile nyufa. "Nipe dramu moja iliyopasuka," akasema. "Ikipoa."

Siku ya saba alikwenda kujieleza. Aliniomba nimbebee ile dramu, kwa hiyo nilikuwepo. Ofisini alikuwepo meneja na simu zake, na mkurugenzi, mtu mzima mwembamba anayeongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu humsogelea bila kutaka. Niliweka dramu juu ya meza. Ilifanya kishindo, kalamu zikaruka. Mkurugenzi akaitazama, akatutazama.

"Hii ndiyo barua?" akauliza.

"Barua ni hii," dada yangu akasema, akatoa karatasi. Ilikuwa na sentensi moja: *Saa zangu ziliisha getini kwenye ghala.* Nyuma yake alikuwa ameambatisha kurasa alizoomba kwa karani wa kompyuta, taarifa za visanduku vya malori yote kwa mwezi mmoja. Alikuwa ameketi na mama mezani nyumbani wakapiga mstari mwekundu kila mahali lori liliposimama likisubiri kupakiwa. Karatasi zilikuwa nyekundu kama zina surua.

"Mwezi uliopita," akasema, "malori yetu yamesubiri kwenye ghala hilo moja saa mia nne na thelathini. Mia nne na thelathini, mzee. Zamani ningekwambia tunacheleweshwa, ungeniambia tunapiga soga njiani. Sasa si mimi ninayesema. Ni hicho chombo chako."

Meneja akajikohoza. "Nilidhani madereva mnakichukia."

"Wengine wanakichukia. Tandu anakichukia kwa sababu analipwa kwa safari, na hana kosa, nani asingekichukia? Hesabuni saa za kusubiri kuwa ni kazi ya kulipwa, muone kama plasta itabaki kwenye skrini."

Mkurugenzi alikuwa anapindua kurasa. "Na hiki chuma?"

Hapo dada yangu alisogeza kiti. Namjua tangu tukiwa tunagombania blanketi, lakini siku ile nilimwona kama mtu mwingine, ametulia kama aliye jikoni kwake. Alieleza ya mteremko, tangu harufu mpaka kabari. Kisha akasema, "Kisanduku kilikuwemo ndani ya lori lile muda wote. Kimeandika kwamba kijana hakuchoka, hakukimbia, hakukosea. Na alikuwa anakwenda kufa. Mmeleta chombo kinachojua kama nimechoka. Nashukuru, kimekuja kwa kuchelewa. Lakini hakijui kama ninajua. Hilo linahitaji mtu."

"Wote wana leseni," meneja akasema, lakini kwa unyonge.

"Nami nina sindano nyumbani. Je, mimi ni mshonaji?"

Mkurugenzi akanigeukia mimi. Sikutegemea. "Fundi, dramu ngapi umebadilisha mwaka huu?"

"Kumi na nane," nikasema. "Kumi na sita ni za madereva ambao hawajatimiza mwaka mmoja kazini."

Simu moja ya meneja ikaita, akaizima. Hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Unataka nini hasa?" mkurugenzi akamuuliza dada yangu.

"Mgeni asiguse mteremko na mzigo mpaka ameshuka nao mara sita akiwa na dereva wa zamani pembeni. Na kabla ya hapo, aushuke kwa miguu. Usicheke, bwana meneja, nitakupeleka na wewe. Na huyo dereva wa pembeni alipwe siku yake kama siku ya safari, la sivyo atafundisha huku ametazama saa."

"Nani atafundisha?"

"Nitaanza mimi. Ila siachi lori langu. Siku tatu mafunzo, siku tatu barabarani. Mwalimu asiyeendesha anaanza kukumbuka vibaya."

Hakupewa vyote. Nisikudanganye kwa kusema ofisi ilisimama ikapiga makofi. Mara sita zilishuka zikawa nne. Mkurugenzi alikwenda mwenyewe kwenye ghala na zile kurasa nyekundu, na wenye ghala wakakubali kupanga saa ya kila lori. Kusubiri kukashuka kutoka saa tano mpaka mbili, siku mbaya tatu. Saa za kusubiri zikaanza kulipwa, nusu ya zile za kuendesha. Tandu alisema nusu mkate si mkate, akahamia kampuni nyingine ambayo visanduku vyake, alivyosikia, vilikuwa havijafika. Aliondoka akitukumbatia mmoja mmoja. Tulikosa kicheko chake.

Kazi ya kufundisha nayo ilimtoa dada yangu jasho. Darasa lilikuwa kontena kuukuu lililokatwa madirisha mawili, lenye ubao na mabenchi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya watu saba, akaandika neno *gia* ubaoni, akakwama. Miaka ishirini na nne mikono yake ilikuwa inajua, mdomo haukuwa umeulizwa. Alinifuata karakanani wakati wa chai, uso umemshuka.

"Wananitazama kama redio iliyokata," akasema. "Mimi si mwalimu."

"Babu Gia alikuwa mwalimu?"

"Babu Gia alikuwa mkorofi."

"Basi anzia hapo."

Akacheka, akarudi. Mchana ule aliwatoa wote kontenani, akawapakia kwenye pikapu, akawashusha kileleni na ndoo kumi na nne. Mmoja alinung'unika kwamba amekuja kujifunza lori, si kuchota maji. Bwana Harusi, aliyekuwa miongoni mwao kwa hiari yake, alichukua ndoo zake bila neno akawa wa kwanza kuanza. Walifika chini viatu vimelowa, wote isipokuwa yeye.

Niliona mabadiliko mimi kabla ya mtu mwingine, kwa kuwa malori husema kweli karakanani. Miezi minne sikubadilisha dramu hata moja kwa sababu ya moto. Nilimwambia meneja, akadhani nimesahau kuandika.

Kundi la pili lilikuwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wanawake. Mmoja alikuwa mpishi wa kantini ya hapohapo yadini, mikono mipana, sauti ya kuamrisha. Siku ya kurudisha tela nyuma alilipinda likagonga mapipa matupu matatu, yakaviringika yadi nzima, mafundi tukakimbia huku na huku. Akashuka ameshika kichwa.

"Panda," dada yangu akamwambia.

"Shangazi, nimeharibu."

"Mapipa yamezoea. Umegeuza usukani mapema mno. Ngoja tela lianze kukuitikia, halafu lifuate. Panda."

Akapanda. Akagonga tena, pipa moja tu. Mara ya tatu aliliingiza katikati ya mistari, sawasawa, akabaki ndani ya kabini ameduwaa kama ni mtu mwingine aliyefanya. Dada yangu alikuwa ameshageuka, anamwita anayefuata, sauti imemkauka, kofia imelowa jasho. Kesho yake alikuwa na safari ya mbao, siku mbili kwenda na kurudi, na alikuwa ameshaniagiza nimkazie kiti cha lori lake kilichokuwa kinalialia.